Ukuta wa Mita Nne na Nusu

Mwandishi kaandika mstari mmoja tu:
"Nyumba. Usiku. Mlango."
Hesabu akatuachia sisi.

Ketevan alianza na boksi la viatu.
Akalikata upande mmoja, akalitandika sakafu ya kadi,
akapachika ukuta wa urefu wa kiganja,
na katikati akasimamisha njiti ya kiberiti.
"Huyu ni mama mwenye nyumba," akasema.
"Mkitaka kumwonea huruma, mpimeni kwanza."

Tukampima.
Dari ikipanda, njiti inapotea.
Dari ikishuka, njiti inatawala.
Wiki nzima tulibishana juu ya dari
kana kwamba ni sisi tutakaohamia.

Bajeti ya idara ilitosha misumari,
makopo matatu ya rangi,
na aibu.
Basi tukashuka stoo, chini ya ngazi,
ambako mvua ya Kutaisi huingia bila kubisha hodi,
tukatoa mbao za michezo iliyokwisha.
Lamara, seremala wa chuo, alizijua kama watu wa ukoo:
hizi zilikuwa gereza,
hizi chumba cha bibi harusi,
hizi meli; ilizama mara tisa,
Jumapili mara mbili.

Nilipopiga msasa rangi ya kijivu
buluu ikachungulia, chini ya buluu waridi,
na chini ya waridi mtu kaandika kwa penseli
namba ya simu ya tarakimu tano.
Nikaipaka rangi taratibu,
kama mtu amfunikaye shuka aliyelala.

Mbele, ukuta wetu ulikuwa chokaa ya miaka sitini,
unyevu umeupanda hadi kiunoni,
na alama nyeupe ya mraba
palipoondolewa picha ya mtu asiyetajwa na yeyote katika mchezo.
Nyuma, mbao tupu, kamba, mifuko ya mchanga,
na mwandiko wa Lamara: USIEGEMEE.
Niseme kweli? Nilipenda zaidi nyuma.

Mlango ndio uliotutoa jasho.
Ulitakiwa ufungwe kwa kishindo,
mama aseme neno lake la mwisho,
taa zife.
Ila mvua ikauvimbisha.
Jumatatu Lamara akaupiga randa.
Jumatano ukavimba tena.
Ijumaa akaweka randa chini
akautukana kwa sauti ya chini, kirefu,
kama anayeomba dua.

Usiku wa kwanza, viti mia na kumi,
hakuna aliyevua koti.
Tornike, msomi wa fizikia, mwana kwa usiku huo,
akatoka na sanduku lake.
Maguli akausukuma mlango.
Mlango ukagoma.

Nyuma ya ukuta, nimepiga magoti kati ya mifuko ya mchanga,
niliona ufa wa mwanga, vidole viwili.
Kijana wa taa alikuwa akingoja kishindo.
Kishindo hakikuja.

Maguli akageuka, akautia mlango mgongo,
visigino vikateleza, akavirudisha,
akalisema neno la mwisho
kama mtu anayezuia mto.
Nami upande wa pili nikashika kitasa, nikavuta.
Sisi wawili, na ubao kati yetu.

Giza.

Baadaye mwalimu aliuliza nani alibuni mwisho ule.
"Mvua," akajibu Ketevan, akiwa anatafuta kiatu chake.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni;
zetu ziliishia stoo.
Kazi ya wiki saba tuliibomoa kwa dakika arobaini,
tukinyoosha misumari, maana itahitajika.

Jumatatu nilirudi kuchukua skafu yangu.
Jukwaa jeusi, tupu, limebaki na vipande vya tepu.
Lamara alikuwa akifagia.
Alifagia hadi pale ulipokuwa ukuta,
akasimama,
akaenda hatua tatu kushoto,
akapita palipokuwa mlango,
akaendelea kufagia
chumba cha pili.